Baraza lisilo na meno, na maziwa yaliyofika Nairobi

Swali limetoka kwa mwalimu wa jiografia wa sekondari, mkoani Geita. Alikuwa akifundisha kidato cha sita mazingira ya ncha za dunia, akafika kwenye Baraza la Aktiki, la nchi zinazoizunguka ncha ya kaskazini, na mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, baraza lenyewe halina jeshi, halina mahakama, halitozi hata faini, na Urusi imegombana na wenzake wote. Wanakutana ili iweje? Na sisi huku Geita linatuhusu nini?" Mwalimu anakiri kwamba la kwanza alilijibu kwa kubabaisha na la pili akaliahirisha. Kwa upande wake ameongeza mawili: kwa nini Aktiki isipewe mkataba mmoja mkubwa kama ule wa Antaktiki, bara la ncha ya kusini, na je, Tanzania inaweza kuomba kiti pale?

Mwalimu, huyo kijana mpe maksi zake. Ameona jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Baraza la Aktiki kweli halina meno. Lilianzishwa tarehe 19 Septemba 1996 mjini Ottawa, na halikuanzishwa kwa mkataba. Lilianzishwa kwa tamko, yaani karatasi ya kisiasa ambayo nchi ikiivunja hakuna pa kuishtaki. Wanachama ni nchi nane: Kanada, Denmark (inayoingia kwa sababu ya Greenland na visiwa vya Faroe), Finland, Iceland, Marekani, Norwei, Urusi na Uswidi. Uamuzi hupita kwa kauli moja. Mmoja akigoma, shughuli imekwisha. Anayetaka mradi anautafutia fedha mwenyewe. Uenyekiti huzunguka kila miaka miwili, na miaka ya mwanzo hata ofisi ilikuwa ikihama na mwenyekiti. Sekretarieti ya kudumu ilianza kazi Tromsø, kaskazini mwa Norwei, mwaka 2013 tu.

Tena kuna tanbihi. Chini ya ukurasa wa lile tamko la Ottawa kuna sentensi moja fupi inayosema Baraza lisishughulikie mambo ya usalama wa kijeshi. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waanze kuisoma hiyo kabla ya tamko lenyewe. Mtu akiuliza kwa nini Baraza halisemi lolote kuhusu nyambizi za nyuklia zinazopita chini ya barafu, jibu liko pale.

Wengi huiona tanbihi hiyo kama kilema. Kwangu mimi ndiyo iliyoliwezesha Baraza kuzaliwa. Tarehe 1 Oktoba 1987 Mikhail Gorbachev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, alihutubia Murmansk, bandari iliyozungukwa na kambi za jeshi la majini la Kisovieti, akasema anataka Aktiki iwe eneo la amani. Katika orodha yake alitaja silaha, alitaja njia za meli, akataja pia sayansi na mazingira. Nchi za Magharibi zilimsikiliza kwa mashaka. Finland, jirani aliyezoea kupima kila neno mbele ya Moscow, ikalichomoa lile la mazingira peke yake, ikaziita nchi zote nane mjini Rovaniemi mwaka 1989, na Juni 1991, hapo hapo Rovaniemi, ukasainiwa Mkakati wa Kulinda Mazingira ya Aktiki. Watu waliokuwa wameelekezeana makombora walikuwa wamepata kitu wanachoweza kukijadili bila yeyote kufungua ghala lake la silaha. Kitu chenyewe ni uchafu. Na jambo la kwanza walilokubaliana kulifanya pamoja kuhusu uchafu huo lilikuwa kuupima. Kikundi cha vipimo, yaani Programu ya Ufuatiliaji na Tathmini ya Aktiki, kilianza mwaka huo wa 1991, kwa hiyo kinalizidi Baraza lenyewe umri kwa miaka mitano.

Hilo la kupima lishike, nitalirudia.

Kuhusu Antaktiki nitakujibu kwa kifupi. Antaktiki ni nchi kavu iliyozungukwa na bahari, na hakuna kijiji kinachoweza kusema hapa ndipo kitovu cha babu kilipozikwa. Ndiyo maana nchi 12, Afrika Kusini ikiwamo, ziliweza kukaa mwaka 1959 zikasaini mkataba unaoyaweka kando madai ya umiliki, na mwaka 1991 zikaongeza itifaki inayokataza uchimbaji wa madini. Aktiki ni kinyume chake: ni bahari iliyozungukwa na nchi zenye wenyewe, zenye bandari, migodi, visima vya mafuta na watu wapatao milioni nne. Bahari yenyewe tayari inatawaliwa na sheria ya kimataifa ya bahari, ile ile inayopanga mipaka ya maji kati ya Tanzania na Msumbiji. Mei 2008 nchi tano zenye pwani kwenye Bahari ya Aktiki zilikutana Ilulissat, Greenland, zikatangaza kwamba hazioni haja ya mkataba mpya. Iceland, Finland na Uswidi hazikualikwa zikanuna, na Wainuiti, ambao Greenland ni kwao, walilalamika kuwekwa pembeni.

Hao Wainuiti ndio wanaonifikisha kwenye kitu ambacho Baraza hili linacho na mabaraza mengine ya serikali hayana. Kwenye meza ya mawaziri, mbali na nchi nane, hukaa mashirika sita ya watu wa asili wa kaskazini: la Waaleuti, la Waathabaska, la Wagwich'in, la Wainuiti, la Wasami, na lile la watu wa asili wa kaskazini mwa Urusi. Huitwa Washiriki wa Kudumu. Hawapigi kura, lakini tamko la Ottawa linataka washirikishwe kikamilifu katika mashauriano, na mazoea yamekuwa kwamba jambo wanalolipinga wote kwa pamoja halisongi. Ufaransa, China na India, pamoja na ukubwa wao, hukaa nyuma kama watazamaji; mbele anakaa Msami ambaye watu wake wanafuga kulungu wa kaskazini. Kuna kifungu kidogo ambacho hunichekesha kila ninapokisoma: idadi ya Washiriki wa Kudumu daima iwe pungufu ya idadi ya nchi wanachama. Serikali zilifungua mlango, zikabaki zimeushika kitasa.

Sitaki uwape wanafunzi picha ya peponi. Mwishoni mwa 2012 wizara ya sheria ya Urusi ilisimamisha shughuli za shirika la watu wa asili la huko. Lilipofunguliwa tena mwaka uliofuata, uongozi ulibadilika, na mwaka 2022 uongozi huo uliunga mkono hadharani vita vya Ukraine. Kiti kikiwa mbele ya serikali yako mwenyewe, serikali inajua namna ya kumchagua anayekikalia.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, na hapa naomba niende polepole, maana ndipo lilipo jibu la kijana wako.

Miaka ya 1980 daktari mmoja wa afya ya jamii huko Quebec, Kanada, Eric Dewailly, alikuwa akipima kemikali katika maziwa ya akina mama wa miji ya kusini. Mpimaji yeyote huhitaji sampuli safi ya kulinganishia. Wapi kusafi kuliko Nunavik, kaskazini kabisa mwa jimbo hilo, kusiko na kiwanda wala shamba la kupuliziwa dawa? Maziwa ya akina mama wa Kiinuiti yakaletwa maabara. Yalikutwa na PCB, kemikali za viwandani zilizokuwa zikitiwa kwenye transfoma za umeme, karibu mara tano ya kiwango cha wanawake wa kusini.

Sababu yake ukiieleza darasani hawataisahau. Kemikali za aina hiyo haziozi. Kwenye joto hupanda hewani, upepo huzibeba, zikifika penye baridi hutua. Jua likitoka huruka tena, zikatua mbele zaidi. Wanasayansi wameifananisha safari hiyo na mruko wa panzi. Panzi huyu anaruka kuelekea baridi na hana njia ya kurudi, kwa hiyo Aktiki inakuwa jaa la dunia nzima. Kisha kemikali hizo hupenda shahamu, na wanyama wa kaskazini wote wanaishi kwa shahamu: samaki mdogo analiwa na mkubwa, mkubwa analiwa na sili, mnyama wa bahari za baridi, sili analiwa na dubu na binadamu, na kila hatua sumu inazidi kujikusanya. Juu kabisa ya mnyororo huo, juu hata ya dubu, yuko mtoto anayenyonya.

Kanada peke yake ingepiga kelele, ingeambiwa hayo ni mambo yako na watu wako. Lakini kile kikundi cha vipimo cha nchi nane kilipotoa ripoti yake kubwa ya kwanza mwaka 1997, ilikuwa na namba za kutoka pande zote za Bahari ya Aktiki, zimekusanywa na wanasayansi wa nchi zote, Marekani na Urusi zikiwamo. Namba ambayo mahasimu wawili wameshaikubali ni ngumu kuibishia.

Januari 1999 wajumbe wa dunia walikutana Nairobi, yalipo makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, kwa duru ya pili ya mazungumzo ya kupiga marufuku kemikali hizo. Alikuwapo Sheila Watt-Cloutier, mwanamke wa Kiinuiti aliyezaliwa Nunavik, wakati huo rais wa Baraza la Wainuiti upande wa Kanada. Alimkabidhi mkuu wa shirika hilo, Klaus Töpfer, sanamu ndogo ya mama na mtoto iliyochongwa na Wainuiti. Sanamu hiyo baadaye ikawa inakaa mezani kwa mwenyekiti wa mazungumzo, John Buccini, mkutano baada ya mkutano. Nimekaa kwenye mikutano ya aina hii, kwenye viti vya nyuma. Saa nane za usiku, wanasheria wakivutana juu ya mkato mmoja, kitu cha kushikika mezani kina nguvu ambayo aya ya ripoti haina.

Palikuwa na mtego pale Nairobi, nao unatuhusu sisi moja kwa moja. Mojawapo ya kemikali zilizokuwa mezani ni DDT. Kwa Wainuiti ni sumu ndani ya maziwa. Kwa nchi za Afrika ni dawa ya kupulizia kuta za nyumba ili mbu wa malaria afe. Ingekuwa rahisi kuwagonganisha akina mama wa pande mbili, na wapo waliojaribu. Watt-Cloutier alikataa. Alisema wazi kwamba Wainuiti hawatadai marufuku itakayomwachia mama wa Afrika mtoto mwenye malaria; walichotaka ni njia ambayo haimtoi mtoto wa yeyote kafara. Maandishi ya mwisho yalikamilika Johannesburg, Desemba 2000, baada ya usiku wa kukesha, yakasainiwa Stockholm Mei 2001. DDT ilibaki na ruhusa ya kudhibiti wadudu wanaoeneza magonjwa, kwa miongozo ya Shirika la Afya Duniani. Na katika utangulizi wa Mkataba huo wa Stockholm, mkataba wa dunia nzima, Aktiki na watu wake wa asili wametajwa kwa jina. Ulianza kutumika Mei 2004, Tanzania na Kenya ni wanachama, na tangu hapo nyingi kati ya kemikali zile za zamani zimekuwa zikipungua katika miili ya wanyama na watu wa kaskazini. Marekani, kwa taarifa yako, ilisaini lakini mpaka leo haijaridhia.

Baraza la Aktiki halikupiga kura Nairobi wala Johannesburg. Halikutoza faini. Lilipeleka vipimo, na kwa kuwa lilikuwa limewazoesha Wainuiti kuketi na mawaziri, lilipeleka pia watu waliojua kuvitetea. Kijana akiuliza meno yako wapi, mwambie Baraza lilipeleka namba, mkataba wa watu wengine ndio uliouma.

Na Geita? Mwalimu, wewe unaona kila wiki kitu ambacho mimi nimekiona mara chache. Mwamba unapita kwenye karasha, unasagwa, unatiwa maji na zebaki. Zebaki inaiokota dhahabu. Mchenjuaji anakamua kwa kitambaa, linabaki donge la rangi ya fedha mkononi, analichoma juu ya mkaa. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Mimi nililiona donge likichomwa kwenye kikaango, uani, watoto wakicheza hatua tano kutoka pale.

Mvuke ule huanza kwa kumdhuru aliyeinamia jiko na wale watoto, na hilo ndilo la kwanza la kuwaambia wanafunzi wako. Lakini sehemu yake inaendelea. Zebaki ya hewani inaweza kukaa angani miezi mingi, muda wa kutosha kuizunguka dunia. Ikishuka kwenye maji, vijidudu huigeuza kuwa zebaki ya aina mbaya zaidi, inayopanda kwenye mnyororo ule ule: samaki, sili, nyangumi. Visiwani Faroe, ambako kuwinda nyangumi ni mila ya karne nyingi, wakuu wa afya walifikia kuwashauri wananchi mwaka 2008 waache kabisa kula nyama na shahamu ya nyangumi wao, kwa ajili ya zebaki na kemikali nyingine.

Tathmini ya dunia ya zebaki ya 2018 ilitolewa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa pamoja na kikundi kile kile cha vipimo cha Aktiki. Ilikadiria kwamba shughuli za binadamu zilimwaga hewani tani 2,220 hivi za zebaki mwaka 2015, na asilimia 38 ya hiyo ilitoka kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu duniani kote: Amerika ya Kusini, Asia, Afrika. Makaa ya mawe yalifuata. Usimwache kijana aondoke akidhani mchimbaji wa Geita ndiye anayemwua dubu. Mchimbaji anatafuta riziki, na dhahabu yake inavaliwa na watu ambao hawajawahi kushika karasha. Lakini uzi upo, na umepimwa.

Uzi huo nao ulipita Nairobi. Februari 2009 serikali zilikubaliana pale kuanza mazungumzo ya mkataba wa zebaki. Ulisainiwa Japani Oktoba 2013 kwa jina la Minamata, mji uliopata maafa ya zebaki, na ukaanza kutumika Agosti 2017. Utangulizi wake unaitaja Aktiki na watu wake wa asili, kama ule wa Stockholm. Mwilini mwake unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo mwingi ziwe na mpango wa taifa wa kupunguza zebaki, na Tanzania ni mwanachama. Siku afisa atakapofika machimboni kufundisha kuchoma donge ndani ya chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke, badala ya kwenye kikaango, kijana wako atajua safari ya somo hilo ilianzia wapi.

Liko jambo jingine, la bahari, nalitaja tu. Barafu ya Greenland ikiyeyuka yote, usawa wa bahari duniani utapanda mita saba na zaidi. Hilo lipo vitabuni. Lisilosemwa sana ni kwamba maji hayo hayagawanyiki sawa. Barafu ile ni nzito kiasi kwamba mvutano wake unayavuta maji ya bahari yaisogelee, ikipungua, inayaachia. Karibu na Greenland bahari inashuka, na nyongeza kubwa inakwenda mbali, ikiwamo kwenye bahari za tropiki. Kwa hiyo barafu ya kaskazini inaihusu Dar es Salaam na Lamu kuliko inavyouhusu mji wa Nuuk ulio kando yake. Baraza limetoa ripoti nzito juu ya theluji na barafu, mwaka 2011 na tena 2017.

Lile la Urusi. Tarehe 3 Machi 2022, wiki moja baada ya uvamizi wa Ukraine, nchi saba zilitangaza kwamba hazitahudhuria mikutano. Urusi ndiyo iliyokuwa mwenyekiti. Juni zile saba zikaanza tena kazi za miradi isiyoihusisha Urusi. Uenyekiti ulikabidhiwa kwa Norwei Mei 2023, kwa mkutano ulioongozwa kutoka Salekhard, Siberia, wengi wakihudhuria kwa mtandao, na watu wa Baraza wakashusha pumzi kwamba angalau fimbo haikudondoka njiani. Februari 2024 wakakubaliana vikundi kazi vianze tena kukutana kwa mtandao, Urusi ikiwamo. Mei 2025 Denmark ikapokea, na Greenland ikiwa mbele katika uenyekiti huo, wakati ambapo rais wa Marekani alikuwa ameshasema hadharani kwamba anaitaka Greenland. Mkutano wa kukabidhiana wenye mahasimu kwenye skrini na mwanachama anayekitaka kisiwa cha mwanachama mwenzake: wanadiplomasia wa kaskazini wamejifunza kusema machache.

Kwa hiyo halikufa. Limeumia mahali pake pa maana, kwenye vipimo. Karibu nusu ya pwani yote ya Aktiki ni ya Urusi, na sehemu kubwa sana ya ardhi iliyoganda, ambayo ikiyeyuka hutoa gesi zinazoongeza joto, iko Siberia. Utafiti uliochapishwa 2024 ulionyesha kwamba ukiviondoa vituo vya Urusi kwenye mtandao wa vituo vya ardhini vya Aktiki, picha inayobaki inapotoka: vituo vilivyosalia haviiwakilishi Aktiki nzima. Ni kama kupima homa ya mgonjwa kwa kumshika mkono mmoja. Na haya yanatokea mahali ambapo tangu 1979 joto limepanda karibu mara nne ya wastani wa dunia.

Wala vita si vya kwanza kuukwamisha mkutano. Mwaka 2019, Rovaniemi hiyo hiyo, mawaziri walimaliza bila tamko la pamoja kwa mara ya kwanza, kwa sababu Marekani ilikataa maneno juu ya mabadiliko ya tabianchi.

Ili nisiwe nimelionea Baraza, kuna mikataba mitatu yenye nguvu ya sheria ambayo nchi nane zilijadiliana chini ya kivuli chake: wa utafutaji na uokoaji (2011), wa kukabiliana na mafuta yanayomwagika baharini (2013), na wa ushirikiano wa kisayansi (2017). Nje ya Baraza upo mmoja ninaoupenda zaidi. Mwaka 2018, Ilulissat tena, nchi tisa na Umoja wa Ulaya, China, Japani na Korea Kusini zikiwamo, zilikubaliana zisivue samaki kibiashara katikati ya Bahari ya Aktiki, eneo la kilomita za mraba milioni 2.8, kwa miaka 16 ya kwanza, mpaka wajue kuna samaki gani. Hakuna aliyekuwa ameshaanza kuvua. Waliuziba ufa kabla haujatokea, na sisi tulio kando ya Ziwa Victoria tunajua jambo hilo lilivyo adimu.

La mwisho, kiti cha Tanzania. Watazamaji wa kinchi ni 13, kutoka Ulaya na Asia. Afrika haina hata mmoja. Mlango hata hivyo haujafungwa. Vigezo vilivyokubaliwa Nuuk mwaka 2011 vinamtaka mwombaji atambue mamlaka ya nchi za Aktiki na sheria ya bahari, aheshimu watu wa asili, na aonyeshe kwamba yuko tayari kuchangia, kwa fedha na kwa utaalamu. Umoja wa Ulaya umeomba miaka mingi bado unasubiri nje ya mlango, na mwanzoni kilichoukwamisha ni ugomvi wake na Kanada juu ya biashara ya ngozi za sili.

Mimi nisingeomba. Mtazamaji hasemi mpaka aruhusiwe, na tiketi za Tromsø si za bei ndogo. Hizo fedha ningempa kijana mmoja wa kemia ajifunze kupima zebaki kwenye nywele za wachenjuaji na kwenye sangara wa ziwa lenu, halafu ningempeleka na namba zake kwenye mikutano ya Mkataba wa Minamata, ambako Tanzania ina kiti kamili, inasema, na ikiamua kugoma inagoma. Mwanafunzi wako aliyenyoosha mkono, anasoma mchepuo gani?